Chumba Kimoja, Fezi Moja

Ofisini walimwita Mizani, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Alilipenda kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza.

Kazi yake ilikuwa kugawa umeme kwenye karatasi. Jengo likishachorwa, kabla fundi hajavuta hata waya mmoja, lazima mtu akae chini ahesabu: taa ngapi, soketi ngapi, mashine zipi, na kila kimoja kitakula umeme kiasi gani. Tena umeme wa jengo kubwa hauji kwa waya mmoja. Unakuja kwa nyaya tatu, na mafundi wanaziita fezi: nyekundu, njano na buluu. Wafikirie watu watatu waliobeba kabati moja. Mzigo ukigawanywa sawa, wanatembea huku wanapiga soga. Mmoja akilemewa, hata kama wenzake hawajatoa jasho, kabati linaanguka na wote watatu.

Hapo sasa ndipo Mizani alipokuwa bingwa. Alianza maisha nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme, akiwakatia watu waya kwa mita, akasoma jioni kozi ya ufundi huku mtoto yuko mgongoni, mpaka akapata meza yake kwenye ofisi ya mkandarasi, karibu na dirisha. Majedwali yake ya paneli, yale makabati ya swichi, yalikuwa ya kutazamwa. Chini ya kila jedwali, zile jumla tatu za fezi zilikaribiana hivi kwamba injinia, bosi wake, alikuwa akiwaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Na ugonjwa huo alirudi nao nyumbani. Nguo alizianika kwa kugawa uzito kwenye kamba. Mumewe, dereva wa lori na mtu wa mizaha, alikuwa akisema ipo siku mwanamke huyu atampima yeye na godoro aone nani kazidi. Mizani alicheka, lakini kamba zilibaki vilevile, sawasawa.

Sasa sikiliza yaliyomkuta.

Mke wa mwanawe alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kiume, mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili, ngozi nyembamba, kilio cha kusikika kwa shida. Akapelekwa wodi ya watoto njiti, ile wodi mpya ya hospitali, alazwe kwenye kitanda chenye joto. Watoto wa namna ile hawana mafuta mwilini, joto lao ni la kuazimwa. Ukilikata, wanapoa upesi, na wakipoa sana wanasahau hata kupumua. Wauguzi walimweleza mama mtoto hayo yote bila kumficha, na binti wa watu akawa halali.

Mizani akamtuliza. Akamwambia, kifua mbele, "Usiogope, mwanangu. Umeme wa humu ndani nimeuhesabu mimi, kwa mkono wangu huu."

Na kweli, alikuwa ameuhesabu yeye, mwaka uliotangulia. Basi mkwe akapumua. Akawaambia na wenzake, "Mama mkwe wangu ndiye aliyepanga umeme wa hapa." Kuanzia hapo Mizani akiingia na chupa yake ya chai, wamama wote wanamwamkia kana kwamba yeye ndiye anayefungulia umeme kila asubuhi. Shikamoo huku, karibu mama kule. Na yeye anaitika, jamani, anaitika bila haya.

Ilikuwa wiki ya mvua. Baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye shuka, na wodi ilikuwa imejaa pomoni. Alasiri moja Mizani alinawa mikono, akavaa lile gauni la wageni, akaingia. Alimkuta mkwe wake amesimama kando ya kitanda cha mtoto, mkono mmoja kwenye ukingo.

"Mama," akasema hata kabla ya salamu, "umeme ulizimika humu jana."

"Umeme unazima mji mzima siku hizi, mwanangu. Si jenereta ipo?"

"Hapana. Ulizima humu tu. Korido ilikuwa inawaka. Fundi akaja akarudisha. Na leo asubuhi tena, humu humu."

Mizani akayarudia yale maneno kichwani. Humu tu. Mtu mwingine angesikia habari ya kawaida hapo. Yeye alisikia mahali kosa lilipo. Umeme ukizimika chumba kimoja na cha jirani kinawaka, tatizo haliko barabarani. Liko kwenye paneli ya pale pale, na paneli ya pale pale ni jedwali lake.

Akainua macho akaitazama wodi, na naapa alikuwa hajawahi kuitazama. Siku zote alikuwa akimtazama mjukuu. Sasa aliangalia kuta. Kila soketi ilikuwa na plagi. Kila moja! Kitanda cha joto, mashine ya oksijeni, taa ya buluu ya wale wenye manjano, pampu ya dripu, kitanda cha joto tena, mpaka mwisho wa ukuta na kurudi. Hakuna kilichozimwa. Na hakuna kitakachozimwa, si usiku, si mchana.

Ngoja nieleze kosa, maana ni kosa la watu wa meza zile tu, wewe na mimi tusingeweza kulifanya hata tungetaka. Soketi kwenye hesabu huwa zinapunguzwa. Nyumba ina soketi kumi, lakini nani anachomeka kumi kwa mpigo? Hapa simu, pale pasi, basi. Kwa hiyo mhesabuji anachukua mzigo wote wa soketi na kuukata, anaandika chini ya nusu, na kila mtu anafurahi kwa sababu waya unakuwa mwembamba na kazi inakuwa rahisi. Kwa ofisi ni sawa. Kwa nyumba ni sawa. Mizani aliukata wa wodi ya njiti kwa mkono uleule uliozoea, bila kujiuliza nini kitachomekwa. Halafu akafuata na kanuni ya ofisi yao, chumba kimoja, fezi moja, ya kumkinga fundi asikutane na nyaya za fezi mbili ndani ya chumba kimoja. Kanuni nzuri. Ila maana yake wodi nzima, vitanda vyote, mashine zote, vililaliana kwenye fezi nyekundu peke yake. Karatasini nyekundu ilionekana nyepesi kama wenzake, zile jumla tatu zikakaribiana, injinia akatia saini huku anatabasamu.

"Narudi sasa hivi," Mizani akamwambia mkwe wake. Hakungoja jibu.

Paneli ya wodi ilikuwa koridoni (taa za korido zina yake), kabati la chuma ukutani, na mbele yake fundi wa hospitali, mzee mnene mwenye kofia ya sufu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama anayelinda mlango wa benki.

"Fundi, shikamoo. Hapa panazima?"

"Marahaba. Panazima, narudisha. Panazima, narudisha. Ndiyo maana nimehamia hapa," akasema. "Mkono wangu umekuwa sehemu ya hii swichi."

"Una ile mita ya kubana waya?"

Akamtazama gauni la wageni na chupa ya chai. "Wewe ni nani, mama?"

"Nipe mita, Fundi. Tafadhali."

Akampa, labda kwa sababu ya sauti. Mizani akafungua mlango wa paneli. Ndani ya mlango, kwenye mfuko wa plastiki, lilikuwapo jedwali, mwandiko wake mzuri, na jina lake la ukweli pale chini. Hakulihitaji, lakini jicho lilikwenda lenyewe. Fezi nyekundu: ampea thelathini na moja. Akabana ile koleo ya mita kwenye waya mwekundu. Sabini na nane. Akabana upya, akidhani ameshika vibaya. Sabini na nane. Swichi kuu iliyokuwa inabeba mzigo ule ilikuwa ya sitini na tatu. Akaigusa kwa nyuma ya vidole, akavitoa haraka.

"Inaunguza," akasema.

"Si ndiyo nilivyowaambia?" fundi akasema. "Wananiambia omba nyingine. Nimeomba."

"Njano na buluu, za stoo na chumba cha wauguzi?" Mizani akazibana yeye mwenyewe. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Hao wawili walikuwa wanatembea huku wanapiga soga. Mwekundu anakufa, nao hawana habari.

Sista mkuu wa wodi alikuja kwa sababu aliona mgeni na mkono ndani ya kabati la umeme. Mwanamke mwembamba, miwani, sauti ya chini ambayo watu huitii kuliko kelele. "Mama, saa ya wageni si ya kutengeneza umeme."

"Sista, nisikilize. Swichi kuu imelemewa. Inaweza kuanguka, yaani kujizima yenyewe, wakati wowote, na ikianguka ikiwa ya moto hivi, haitakubali kurudi mpaka ipoe. Inabidi tuhamishe baadhi ya nyaya za vitanda kutoka fezi hii kwenda hizi mbili. Tunazima vitanda vichache, tunahamisha, tunawasha. Halafu vichache vingine."

"Hakuna kuzima kitanda hata kimoja."

"Dakika chache tu kila kimoja."

"Mama, ninao watatu kule mwisho ambao dakika chache kwao ni safari. Na jenereta tunayo."

"Jenereta haitasaidia!" Mizani akapaza sauti, akajirudi. "Jenereta inaleta umeme mpaka hapa kwenye hii swichi. Swichi ikianguka, hata ukileta mto mzima wa umeme hauvuki. Sista, hesabu ilikosewa."

Ilikosewa. Angalia neno alilochagua. Kama mvua iliyonyesha, haina mwenyewe. Sista akafungua kinywa kumuuliza jambo, na wala hakulimaliza.

Swichi ikadunda. Tak! Mlio mdogo, mkavu. Wodi ikazimika, na kwanza kikaja kimya, zile pampu na mashine ambazo masikio yalikuwa yamezizoea zikanyamaza zote kwa pamoja. Halafu ving'ora vya betri vikaanza kulia, kimoja baada ya kingine.

Fundi akairuka ndoo, akasukuma kishikio juu. Kikarudi chini. Akasukuma tena, kikarudi. "Leo haishiki," akasema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Jamani, haishiki!"

"Usiisukume! Iache ipoe." Mizani akamgeukia sista. "Sista, imeshazimika yenyewe. Waambie wamama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wajifunike. Sisi tunahamisha nyaya sasa hivi wakati haina umeme. Ikipoa, tunawasha na mzigo umegawanyika. Tukiwasha bila kuhamisha, itaanguka tena na itakuwa ya moto zaidi."

Sista hakubishana. Alikwisha geuka, anakimbia, na sauti yake ya chini ilikuwa imepanda: "Wamama! Fungueni vifua! Kila mtu mtoto wake! Lete mitungi ya oksijeni, mitatu, kule mwisho!"

Fundi akachukua bisibisi. Mizani akamshikia tochi ya simu kwa mkono mmoja, mita kwa mwingine, chupa ya chai akaipiga teke ikabingirika koridoni. "Huu na huu unaofuata, peleka njano. Ile nafasi ya chini ni tupu."

"Waya haufiki."

"Vipi haufiki?"

"Ni mfupi, mama! Waliukata sawasawa na mahali pake. Nani alijua utahama?"

Nani, kweli. Mizani akasogeza tochi. "Unga kipande. Una viunganishi?" Anavyo, mfukoni, vimechanganyika na peremende. Akaunga, akakaza, akavuta kuhakikisha haung'oki. Mikono ya yule mzee ilikuwa mizito lakini haikutetemeka, na Mizani akamshukuru Mungu kwa mikono ile. Mmoja njano. Wa pili njano. Wa tatu buluu. Nyuma ya mlango wa wodi mama mmoja alikuwa anaita, "Sista, wangu amekuwa kimya, Sista!" na Mizani alijikaza asigeuke, kwa sababu sauti zote za wanawake wenye hofu zinafanana, na hakuweza kujua kama ni ya mkwe wake.

"Kaza huo."

"Nimekaza."

"Kaza tena."

"Nimekaza, mama, utavunja mkono wangu kwa maneno!"

Wa nne, buluu. Mizani akagusa swichi kuu. Vuguvugu. Akatamani kuipepea. Akahesabu kichwani upya, bila kukata chochote safari hii, kila kitanda kwa uzito wake wote, kila mashine kana kwamba haitazimwa mpaka mwisho wa dunia. Nyekundu, njano, buluu. Akagusa tena.

"Zima zote ndogo kwanza. Sasa sukuma kuu."

Fundi akasukuma. Kishikio kikapanda, kikabaki juu. Akaanza kuwasha zile ndogo moja moja, na kila moja ilipowaka Mizani alibana waya na kusoma kwa sauti, mpaka wodi nzima ikavuma tena. Arobaini. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Wakasimama wote wawili wakiitazama ile swichi kama watu wanaomtazama mlevi anayepanda ngazi. Ikakaa. Ikaendelea kukaa.

"Loo," fundi akasema, akakaa chini sakafuni, ndoo hakuiona. "Mama, wewe ni nani hasa?"

Mizani akamrudishia mita. Aliingia wodini.

Wamama walikuwa wamekaa kila mahali, kwenye viti, kwenye sakafu, wamejikunja juu ya vifua vyao kama wanaoficha kitu kwenye mvua. Sista mkuu alikuwa anapita na kipimajoto, mmoja mmoja. Kule mwisho wale watatu walikuwa wanapumua, na mitungi ilikuwa inapuliza. Yule mtoto aliyekuwa kimya alikuwa wa mama wa jirani, na sasa alikuwa analia kwa hasira, na hakuna wimbo duniani uliowahi kupokelewa vizuri kama kilio kile.

Mkwe wake alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, kanga mbili juu ya mtoto. Sista akapima. "Amepoa, lakini anarudi. Mweke kitandani sasa."

Mizani akapiga magoti. Akaingiza kidole chini ya kanga akakigusa kile kiguu. Kilikuwa baridi kama kijiko. Machozi yakamtoka hapo hapo, na hakuyafuta.

"Umesema hesabu ilikosewa," mkwe akasema. Alikuwa amesikia, mlango haukuwa mbali. Hakuwa na sauti ya ugomvi. Alikuwa anauliza tu, macho makavu. "Nani alikosea, Mama?"

Kulikuwa na watu wengi wa kutaja. Injinia alitia saini. Hospitali iliongeza vitanda. Fundi alikuwa akirudisha swichi bila kupima mzigo. Kanuni ilikuwa ya ofisi. Yote yalimpitia kichwani, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake.

"Mimi," Mizani akasema. "Niliandika soketi kana kwamba ni za sebuleni. Nilipenda zile namba zikae sawa. Mimi, mwanangu."

Mama wa jirani akageuza uso, yule ambaye kila siku alimpa shikamoo ya heshima. Mkwe akanyanyuka, taratibu, akamlaza mtoto chini ya lile joto jekundu, akamvika soksi, akamfunika mpaka kidevuni. Siku zote, akishamaliza, alikuwa akisogea kidogo kumwachia bibi nafasi ya kusimama karibu. Leo hakusogea. Alibaki palepale, bega lake kati ya Mizani na mtoto.

"Mama."

"Ndiyo, mwanangu."

"Umepanga umeme wa humu tu?"

Mizani hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. Mkono uleule, kanuni ileile, miaka yote ile karibu na dirisha. Kituo cha afya cha upande wa pili wa mji, chumba cha upasuaji. Na ile wodi ya figo ya hospitali nyingine, viti kandokando ya ukuta, kila kiti na mashine yake ya kusafisha damu, kila mashine na soketi yake, chumba kimoja. Jedwali lake lile alilipenda kuliko yote. Jumla tatu zilitoka sawa kabisa mpaka injinia akalipiga picha.

Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni. Vidole vilikuwa bado na vumbi la paneli, na kioo kiligoma kumtambua mpaka alipovifuta kwenye sketi. Injinia akapokea na uchangamfu wake wa siku zote, akamuuliza bibi, mjukuu hajambo?

"Wodi ya figo," Mizani akasema. "Kuna wagonjwa kwenye mashine saa hizi? Piga sasa hivi, Injinia, wamwambie fundi wao afungue paneli aguse swichi kuu. Usingoje kesho. Na kama ni ya moto, wasianze mgonjwa mwingine mpaka nifike. Ninakuja."